Fundi wa Majoho na Mishahara ya Watu

Mwanamke ninayetaka kumsimulia alikuwa fundi cherehani, na kwa miaka kumi na saba alishona nguo ambayo mtu huivaa siku moja tu maishani mwake: joho la mahafali. Chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma ya duka la vyombo. Ukiingia, unapokelewa kwanza na majoho meusi sitini yaliyotundikwa kwenye bomba la chuma, yamebanana kama watu wanaosubiri kumwona daktari. Hakuwa akiyauza, alikuwa akiyakodisha. Mhitimu alilipa, akapimwa mabega na urefu, akaandikwa kwenye daftari: jina, simu, kozi, siku ya kurudisha. Kozi iliandikwa kwa sababu ya ukanda wa shingoni. Wahasibu walivaa wa bluu, walimu wa njano, na watu wa sayansi ya mimea walivaa wa kijani. Mtaa mzima ulimwita Fundi, na mumewe naye akamwita hivyo hivyo, ingawa yeye mwenyewe alikuwa fundi saa na jina hilo lilimhusu pia.

Huyo mumewe aliweza kushinda kutwa na kioo chake kidogo jichoni bila kutoa maneno matano. Walijaliwa mtoto mmoja, binti, ambaye tangu shule ya msingi alikuwa na tabia ya kugeuza majani na kuyatazama upande wa chini. Ukimpa mboga azichambue, unazikuta saa moja baadaye bado ziko kwenye ungo, na yeye ameinama anahesabu madoa. Majirani wakiona nyanya zao zimejikunja majani walimwita yeye kwanza. Alikuja, akauliza maswali mengi kama polisi, akaandika, akaondoka. Mara nyingi nyanya zilipona. Zilipokufa, alijua kueleza zimekufa kwa nini, na majirani walisema hiyo nayo ni faraja.

Sasa, jambo moja lazima lijulikane kuhusu Fundi: aliogopa deni kuliko nyoka. Cherehani yake ya kwanza aliichukua dukani kwa kulipa kidogo kidogo, na kila Ijumaa saa nne asubuhi wakala wa duka alikuja kugonga mlango. Alikuwa mpole, hatukani wala hapandishi sauti, na upole huo ndio uliomtesa Fundi zaidi. Ijumaa moja hakuwa na kitu. Akiwa na mimba ya miezi minane, alijisukuma chini ya meza ya kukatia nguo na kushusha kitambaa mbele yake. Wakala akaingia, akakuta hakuna mtu, akaketi juu ya meza ile ile kusubiri, akapiga mluzi nyimbo tatu, zote hadi mwisho. Alipoondoka, Fundi alishindwa kutoka. Ilibidi mumewe na mwenye duka la vyombo wainue meza. Deni lile lilimalizika baada ya miaka mitatu, na siku hiyo aliapa kwamba deni jingine halitaingia nyumbani mwake likiwa limeandikwa jina la mtu wa familia yake.

Ndipo ilipofika barua ya udahili ya binti. Shahada ya sayansi ya mimea, miaka minne. Nyuma ya barua kulikuwa na fomu ya mkopo wa wanafunzi: ada, malazi na chakula, jumla milioni tatu kwa mwaka. Fundi aliisoma barua mara moja na fomu mara sita.

Kaka yake Fundi, yaani mjomba wa binti, alikuwa karani katika ofisi ya maji, na alikuja jioni ile ile bila kuitwa. Alivua viatu, akaketi, akaomba aone barua, kisha akaiweka mezani kwa vidole viwili kama kitu kilicholowa. Aliona uhasibu ndio wa maana. Kila ofisi ina fedha, alisema, na kila penye fedha panahitajika mtu wa kuzihesabu. Lakini mimea?

"Dada, mimea inaota yenyewe," alisema. "Huko porini nani amemwajiri mtu?"

Binti alianza kumweleza kuhusu magonjwa ya mazao. Mjomba akamsikiliza kwa heshima zote, akamaliza chai, akasema uhasibu.

Fundi alikusanya vikombe vya chai. Hakutaka kuamua kwa maneno ya mjomba, ambaye hakuwahi kukosea tangu azaliwe, wala kwa maneno ya binti, ambaye macho yalikuwa yanamng'aa kupita kiasi. Yeye kazi yake ilikuwa kupima. Asubuhi alifungua daftari zake za miaka sita, akapitisha kidole, akatoa wote waliovaa ukanda wa kijani. Walikuwa kumi na wanne. Akapanga kumpigia kila mmoja na kumuuliza maswali mawili: unalipwa kiasi gani, na unadaiwa kiasi gani.

Simu ya kwanza ilikatika mara tu aliposema ni yule fundi wa majoho. Ya pili aliipokea dada mmoja ambaye, kabla hajaulizwa chochote, alisema joho lililiwa na panya na kwamba hata panya wenyewe waliugua. Wa tatu alisema yuko safarini nje ya nchi, huku nyuma yake ikisikika sauti ya yule yule anayeuza mahindi kwa kipaza sauti hatua chache kutoka duka la vyombo. Kufikia simu ya sita Fundi alielewa. Majoho yasiyorudi hakuwa ameyafuatilia kwa miaka, maana kila mwaka yalipotea mawili matatu akayaona kama nyuzi zinazobaki sakafuni. Lakini walioyachukua hawakuwa wamesahau. Walikuwa wakiishi na hofu yake kama yeye alivyoishi na hofu ya wakala.

Akaamua kwenda mwenyewe. Alivaa kiatu cha kutembelea, akasahau kuvua futi ya kupimia shingoni, akaondoka.

Wa kwanza alimkuta kwenye kibanda cha kuuza makava ya simu. Kijana alimwona kwa mbali, futi ikining'inia, akatorokea upande wa nyuma. Fundi akaketi kwenye kiti chake, akasubiri. Wateja wawili walikuja wakamuuliza bei, akawauzia. Baada ya nusu saa kijana alirudi mwenyewe, amebeba joho. Lilikuwa limefunika jenereta kwa miaka mitatu na lilinuka petroli.

Fundi alimweleza kilichomleta. Kijana alipumua, akakaa juu ya ndoo, na baada ya hapo hakuficha kitu. Alidhani ofisi ya mikopo imemtuma. Hakuwahi kulipa hata senti kwa sababu hakuwa na mwajiri wa kumkata, na kila mwaka deni liliongezwa kidogo, likinenepa bila yeye kulilisha. Kwenye makava alipata kama laki tano mwezi mzuri, laki mbili mwezi mbaya. Alipoulizwa shahada imemsaidia nini, alisema anajua kwa nini majani ni ya kijani, ila bado hajampata mteja aliyeuliza.

Wa pili alikuwa dada wa dirishani benki, amevaa shati lililopigwa pasi mpaka likawa kama bati. Alipata laki tisa, na asilimia kumi ilikatwa kwa mkopo. Fundi alitaka kujua mimea na benki vimekutana wapi. Dada alieleza kwamba kwenye usaili walimwambia aeleze kitu chochote kigumu kwa dakika mbili. Akaeleza jinsi mti mrefu unavyopandisha maji hadi kileleni bila pampu. Wale wakubwa watatu waliomsaili wakasahau saa, na mmoja akauliza maswali kuhusu mwembe wa kwao uliokataa kuzaa. Kazi akapata. Foleni nyuma ya Fundi ilianza kunung'unika, ikabidi atoe elfu mbili na kuziweka kwenye akaunti ili ionekane alikuja kwa shughuli.

Wa tatu alikuwa mwanamke aliye mbali, kwenye shamba la maua. Huyu alirudisha joho lake siku ile ile ya mahafali, kwa hiyo alipokea simu bila hofu. Alisimamia udhibiti wa wadudu na alilipwa milioni moja na laki mbili. Fundi akaandika kwa herufi kubwa. Yule mwanamke akamwambia asubiri kidogo, aongezee: anaishi ndani ya shamba, mji wa karibu uko mwendo wa saa tatu, na hajakaa nyumbani siku ya mapumziko tangu mwaka jana.

"Wadudu hawana Jumapili, mama," alisema, kisha akaomba radhi, kwa sababu kulikuwa na mtu anamwita bandani.

Aliyebadilisha mambo alikuwa wa nne, bwana mfupi aliyefanya kazi kwenye kampuni ya mbegu. Kazi yake ilikuwa kuchukua mbegu mia, kuzipanga juu ya karatasi yenye unyevu, na baada ya siku saba kuhesabu ngapi zimeota. Alimwingiza Fundi maabara, akamvalisha koti jeupe ambalo Fundi aliligeuza upindo na kuona limeshonwa vibaya, akamwonyesha sinia arobaini zenye vichipukizi vidogo, kila moja na lebo. Alizungumza saa nzima. Alipata laki sita. Deni lake lilikuwa limebakiza miaka minane.

"Na halikunyimi usingizi?" Fundi alimuuliza.

"Linakatwa kabla sijauona mshahara. Mwanzoni niliumia, sasa ni kama urefu wangu. Nimeuzoea." Akacheka. "Hakuna mtu anayekuja kugonga mlango, mama."

Fundi alivua lile koti jeupe, akamrudishia. Halafu akauliza swali ambalo hakuwa amelipanga: kampuni yao huajiri wangapi kwa mwaka. Bwana yule akasema mmoja, mwaka mzuri wawili, na wote huwa ni watu waliokuja kufanya mafunzo ya vitendo likizoni wakiwa mwaka wa pili. Wengine husubiri mpaka wahitimu ndipo waje na bahasha za maombi. Bahasha hizo alimwonyesha. Zilijaza kabati.

Kwa ajili ya haki, Fundi alipiga simu kwa wahasibu pia. Wa ukanda wa bluu walikuwa mia moja na themanini, akachagua ishirini kwa kufumba macho. Tisa walikuwa na kazi ya hesabu. Mmoja alikuwa anauza miwani, wawili walifundisha wengine uhasibu, na watano walimuuliza kama yeye anajua mahali penye nafasi. Waliobaki hawakupokea.

Wakati huo wote binti hakujua. Alijua siku ya Alhamisi, alipoingizwa kwenye kundi la wasap la wanafunzi wapya na wa zamani wa idara. Ujumbe wa kwanza aliousoma ulikuwa onyo: jihadharini na mama wa makamo mwenye futi shingoni, anazunguka kazini kwa watu akidai majoho na kuuliza mishahara, inasemekana ametumwa na ofisi ya mikopo, ana daftari lenye majina yetu yote. Chini yake watu sabini walikuwa wametuma uso wa hofu. Mtu mmoja alikuwa ameweka picha. Ilipigwa kwa mbali, benki, lakini binti aliitambua ile futi, maana alikuwa amechora alama za kalamu juu yake akiwa mtoto.

Alimfuata mama yake chumba cha kazi na kumwonyesha simu. Fundi alivaa miwani akasoma, akauliza kwa nini wameandika makamo. Binti akalia kidogo kwa aibu, kisha akaanza kucheka akilia, na mwisho hakuna aliyejua ni kipi.

Onyo lile lilisambaa hadi kwa wahitimu wa kozi nyingine, likafanya kazi ambayo Fundi hakuweza kuifanya kwa miaka mingi. Ijumaa asubuhi walikuta mifuko miwili ya plastiki mlangoni. Jumamosi mitano. Jumatatu alikuja kaka mmoja amevaa suti, akakabidhi joho lililofuliwa na kupigwa pasi, na bahasha ya faini aliyojihesabia mwenyewe kwa kila mwezi wa kuchelewa, akasisitiza kwamba apigiwe mstari kwenye daftari mbele ya macho yake. Dada wa panya alileta joho zima kabisa, halina hata tundu, akasema panya walikosea. Ndani ya wiki mbili majoho ishirini na moja yalirudi, na bahasha zikafikia laki nne na elfu themanini. Fundi hakuwa amemdai mtu hata mmoja.

Jioni ya Jumapili walikaa mezani watatu. Fundi alifungua daftari na kusoma hesabu yake kwa sauti ya hakimu. Mkopo wote ni milioni kumi na mbili. Mshahara tuseme laki sita, kama wa bwana wa mbegu. Umri wa sasa kumi na tisa, masomo miaka minne, mwaka mmoja wa kutafuta kazi. Makato elfu sitini kwa mwezi.

"Utamaliza deni ukiwa na miaka arobaini na miezi minane," alimwambia binti. "Na ukikaa hapa ushone na mimi, unaanza kesho na laki nne na nusu. Nimepiga hesabu. Kwa jumla ya pesa zote zilizopatikana, mhitimu atakupita wewe mshonaji ukifika miaka arobaini na tisa."

Binti aliomba daftari. Akasoma kimya, kidole kwenye mstari, kama alivyosoma majani. Kisha akasema kuna kosa. Mama alikuwa ameendelea kukata elfu sitini hata baada ya deni kuisha. Akaandika upya pembeni, akageuza daftari.

"Ni arobaini na mitano na miezi minane," alisema.

Fundi akakagua, akakuta ni kweli, na akajisikia vibaya na vizuri kwa mpigo mmoja. Mumewe, aliyekuwa ameshika saa ya mtu, aliondoa kioo jichoni. Alisema kitu kirefu kuliko vyote alivyosema mwezi ule. Alisema kwamba mtoto akikaa kwenye cherehani, hiyo laki nne na nusu ataipata siku ambazo hatakuwa ametoka kwenda kutazama nyanya za watu, na kwa jinsi anavyomfahamu, siku hizo ni kama mbili kwa wiki.

Fundi mwenyewe alikumbuka mikono ya binti kwenye cherehani. Mwaka uliopita alimwachia joho moja tu alipige upindo, na mhitimu mmoja alipanda jukwaani akiwa na mkono mmoja wa joho unaofika kwenye kiwiko.

"Hapa kuna hesabu nyingine," Fundi alisema mwishoni. "Hutachukua yote. Utachukua mkopo wa ada peke yake. Utalala nyumbani, utakula nyumbani. Hela ya kujiandikisha ipo kwenye bahasha za waoga. Na likizo ya mwaka wa pili, utaenda kuhesabu mbegu, hata kama hawakulipi."

Binti alikubali kabla sentensi haijaisha. Fomu ilijazwa pale pale, milioni saba na laki mbili badala ya kumi na mbili, na ilipofika mahali pa mdhamini, Fundi alishika kalamu, akaiweka chini, akaenda kunywa maji, akarudi, akaweka sahihi. Sahihi ilitoka imepinda, na ofisi ya mikopo ikairudisha fomu kwa sababu haikufanana na ya kitambulisho. Ikabidi aogope mara ya pili.

Mambo hayakwenda kama daftari lilivyosema. Binti alihesabu mbegu likizo nzima, lakini mwaka aliohitimu kampuni ile haikuajiri mtu. Alitafuta kazi miezi kumi na minne, na katika miezi hiyo Fundi aliacha kufungua daftari lile, akaliweka juu ya kabati na kuweka mfuko wa vifungo juu yake. Hatimaye binti aliajiriwa kwenye kituo cha kukagua mimea inayoingizwa nchini, kwa laki tano na nusu, si laki sita. Makato yalianza mwezi wa kwanza. Kwa kasi hiyo deni lingeisha baada ya karibu miaka kumi na moja. Fundi alianza kumwambia atakuwa na umri gani, na binti akamwomba, kwa adabu, asimwambie.

Mwezi wa tatu kazini, lori la miche ya michungwa lilifika kituoni, miche elfu mbili, mizuri, ya kijani kibichi. Karatasi zote zilikuwa na mihuri. Binti alipanda nyuma ya lori, akaanza kugeuza majani, na baada ya dakika arobaini akashuka akasema halipiti, lina wadudu. Mwenye mzigo alipiga simu kwa mkubwa wa kituo, na mkubwa wa kituo akaja ameshafura kwa hasira. Binti akampa kioo cha kukuzia na jani moja. Mkubwa alitazama, akatazama tena, akamrudishia kioo, akamwambia dereva ageuze.

Nyumbani alilisimulia hilo katikati ya mambo mengine, akiwa anavua viatu. Fundi alisimamisha cherehani.

"Wamekuongeza kitu kwa hilo?"

"Hapana, Mama. Ilikuwa Jumanne ya kawaida."

Fundi alitaka kusema neno kuhusu ofisi zisizojua kushukuru, lakini lingine lilimzuia. Alisogeza mafungu ya vitambaa kwenye benchi, akampa nafasi ya kukaa.

"Hao wadudu," alisema, "wana ukubwa gani?"

Binti akachukua chaki ya fundi, akaweka nukta moja kwenye kitambaa cheusi. Akasema ni wadogo kuliko hiyo, na akaanza kumweleza wanapojificha.